Aliyekula kwa Jina la Kisilu

Mwaka wa 1934 mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, na watu wa Kanyangi walipata maji kwa kuchimba mchanga wa mto mkavu. Mutindi alipenda kwenda jua likikaribia kutua. Saa hiyo wanawake wenzake walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani, na shimo lilikuwa limepata muda wa kujaa tena. Jioni hiyo alishuka peke yake na kibuyu chake na kata ya kuchotea.

Shimo lilikuwa limechimbwa sana. Mtu mzima alizama hadi mabegani. Mutindi akaingia, akapiga magoti, akaanza kuchota. Kata moja... mbili... tatu...

Ndipo harufu ikamfikia.

Ilikuwa harufu ya unga uliovundia guniani, na ya blanketi lililolowa likakosa jua. Akashangaa, maana bonde zima halikuwa na kitu kibichi isipokuwa yale maji vidole vichache mbele yake.

Akainua macho. Ukingoni mwa shimo palikuwa na miguu miwili mitupu. Visigino vilikuwa vimepasuka, vidole vimeliwa na funza, na hadi magotini miguu ilikuwa na tope jeusi. Ardhi ya Kanyangi ni nyekundu.

"Mwaitu," sauti ikasema, ikimwita mama kwa Kikamba. "Siku ya tatu leo hujaniita kula."

Mutindi hakupiga kelele. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa shimo.

Ilikuwa kweli kwamba kwa siku tatu hakupika, kwa sababu unga ulikuwa umekwisha. Na ilikuwa kweli kwamba kila alipopika alimega tonge la kwanza, akaliweka chini kando ya mlango, akasema, "Kisilu, kula." Kisilu alikuwa mumewe. Mwaka wa 1917 askari wa chifu walimchukua pamoja na vijana wengine kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Mjerumani. Mwaka uliofuata karani alimletea Mutindi karatasi yenye namba, akamwambia kwamba mwenye namba hiyo amekufa upande wa Tanganyika na amezikwa hukohuko. Hakujua kusoma, lakini aliitazama karatasi ile miaka mingi kiasi kwamba angeweza kuichora ile namba mchangani akiwa amefumba macho. Mashemeji walimtaka aolewe na mmoja wao. Akakataa. Alikuwa na mume, alisema, na alikuwa akimlisha.

Sasa mwenye miguu alichuchumaa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, shingo imeinama mbele kama ya mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri. Hakuwa Kisilu. Hakufanana naye hata kidogo. Lakini kifuani kwake kilining'inia kibati cha kumtambulisha mbeba mizigo, na juu ya kibati ilikuwa ile namba ya karatasi.

"Wewe si mume wangu," Mutindi akanong'ona.

"Sijui. Ndivyo unavyoniita."

Akamweleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Huko vitani alikuwa na homa. Alikuwa ameandikwa pamoja na wagonjwa wa kurudishwa nyumbani. Usiku wa kuamkia safari, Kisilu, aliyekuwa mzima, alimvua kibati chake akamvalisha cha kwake. Asubuhi Kisilu aliondoka na wagonjwa. Kijana alibaki, akafa, akazikwa kwa namba ya Kisilu.

"Yuko hai," kijana akasema. "Yuko Mukuyuni, ng'ambo ya Athi, anauza ngozi. Nimesimama mlangoni kwake mara nyingi. Hanisikii. Wewe unanisikia kwa sababu umenilisha."

"Unataka nini kwangu?"

"Jina langu. Nilipokufa nilikuwa nalo. Lakini umeniita Kisilu, Kisilu, miaka kumi na sita... likanitoka."

Mutindi alipanda kutoka shimoni upande wa pili. Hakugeuka nyuma, na kibuyu alikisahau huko chini.

Angeweza kujiambia kwamba ni njaa iliyomwonyesha mambo. Kilichomnyima usingizi si yule kijana. Ni lile neno moja, kwamba Kisilu yuko hai. Siku ya pili akafunga blanketi lake mgongoni, akauvuka mto Athi, akatembea mpaka Mukuyuni.

Hakulazimika kuuliza sana. Muuza ngozi alikuwa mmoja, mzee wa kanisa aliyebatizwa Jonah. Mutindi alimkuta akitandaza ngozi ya mbuzi juani, akamtambua kwa mgongo kabla hajageuka. Mwanamume alipogeuka alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akatazama nyumbani kwake, kuona kama mkewe yuko karibu.

Mutindi hakumuuliza kwa nini hakurudi. Alikuwa na swali moja tu.

"Yule uliyemvalisha kibati chako. Aliitwa nani?"

Ngozi ikamponyoka Jonah mikononi. Akaanza kueleza kwamba kila siku walizika watu, kwamba yule alikuwa anakufa tu, kwamba hata angerudishwa asingefika. Na baada ya hapo angerudije Kanyangi, mtu aliyekwisha kuandikwa amekufa? Chifu angemfunga kwa kutoroka.

"Alikuwa amekufa mlipoondoka?"

Jonah aliiokota ngozi, akaikung'uta vumbi.

"Alikuwa bado anaongea," akasema mwishowe.

"Jina lake."

"Tulimwita wa Nuu. Alitoka Nuu, mbele ya Kitui."

"Ulirudi kwa jina lake, Kisilu."

"Nilirudi kwa namba yake. Hawakutuita majina, Mutindi. Walisoma namba, nikaitikia namba. Kibati nilikitupa Athi." Akainamisha kichwa. "Tulilala blanketi moja mwezi mzima. Sikumuuliza."

Mkewe, Kasyoka, alitoka nje na maji ya kunywa. Akamsalimu mgeni kwa heshima, akauliza ni nani. Jonah akasema ni mjane wa mtu aliyekuwa naye vitani. Kasyoka akasikitika kutoka moyoni, akamfungia Mutindi kibaba cha unga wa mtama ndani ya kitambaa, ingawa kwao pia njaa ilikuwepo. Mutindi aliupokea. Aliangalia uso wa yule mwanamke mwema, halafu uso wa Jonah uliokuwa ukimsihi, akasema asante, ndiyo, mume wangu alikufa vitani.

Hakurudi Kanyangi. Alishika njia ya Kitui, akatafuta wa kwenda naye Nuu.

Huko Kitui alimpata Abdinoor, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini-mashariki, aliyekuwa amemaliza kuuza ng'ombe wake na sasa anarudi kwao na punda wachache kwa njia ya Nuu. Alimkubalia Mutindi afuatane nao, akamwambia mtu hatembei peke yake porini. Jioni ya kwanza, baada ya kuswali magharibi, Abdinoor alikaa akitazama njia waliyotoka.

"Mama," akasema, "yule kijana anayetufuata ni wako? Mbona hasogei motoni?"

Mutindi hakugeuka. Alikwisha kuisikia ile harufu.

"Ni wangu," akajibu.

Kuanzia kesho yake Abdinoor alimtaka Mutindi atembee nyuma ya wote, maana hakuna punda aliyekubali tena kuwa wa mwisho.

Huko Nuu alikaribishwa na bibi mmoja jina lake Kalunde. Mutindi alimweleza tu kwamba anatafuta nyumba ya kijana aliyefia vitani, wa miaka ishirini hivi, aliyepatwa na homa. Alidhani ataonyeshwa mlango mmoja.

Kufikia adhuhuri walikuwa wanawake tisa, Kalunde mwenyewe akiwa mmoja wao.

Walikuwa wazee. Mmoja alishikwa mkono kwa sababu hakuona. Kila mmoja alisema ni wake. Wangu alikuwa mrefu. Wangu alikuwa na sauti nzuri. Wangu aliandikwa na karani kwamba amepotea, sikupewa hata karatasi. Mutindi aliwatajia kila alichokumbuka cha yule kijana, na kila alichotaja wote tisa waliitikia kwa kichwa. Shingo imeinama? Ndiyo, ndiye. Visigino vimepasuka? Ndiye huyo, mwanangu. Hakuna aliyegombana na mwenziwe. Walimwangalia yeye tu, wakingoja achague.

Hakuweza kuchagua.

Jua lilipoanza kushuka akawaongoza mpaka kwenye kijito kikavu chini ya kilima, akawaambia kila mmoja aite jina la mwanawe, mara moja, kisha asikilize.

Kalunde alitangulia. "Musembi," akaita, polepole, kama mtu amwitaye mtoto aliye chumba cha pili.

Upepo ukakata. Harufu ya unga uliovunda ikapanda kutoka mchangani...

"Naam, mwaitu."

Kalunde akaziba mdomo kwa viganja viwili. Wa pili akaita, "Munyoki." Sauti ikaitikia, nzito, kutoka mbali zaidi. "Kimwele." Ikaitikia nyingine, ya kicheko kidogo. Mutunga. Syengo. Kilonzo. Kila jina lilijibiwa, na hakuna sauti mbili zilizofanana. Yule asiyeona aliita wa mwisho, na alipojibiwa akakaa chini mchangani, akaanza kuongea na mwanawe habari za nyumbani, nani ameoa, ng'ombe gani amekufa.

Baadaye wanawake waliondoka wakishikana mikono, wakilia bila sauti. Giza lilikuwa linaingia. Mutindi alibaki nyuma kidogo.

Kijana alikuwa amesimama ng'ambo ya kijito. Muda wote ule, mdomo wake haukufunguka.

"Na mimi?" akauliza.

Mutindi alimkimbilia Kalunde, akamshika nguo. Akamwuliza kama Nuu kuna nyumba nyingine iliyopoteza kijana, nyumba ambayo mama yake amekufa na hapakubaki mtu wa kumwita.

"Nyumba hizo ni nyingi, mwanangu," Kalunde akasema. "Hata hatukumbuki zilikuwa wapi."

Akarudi Kanyangi. Jioni aliyofika alipika sehemu ya ule unga wa Kasyoka, akamega tonge la kwanza, akaliweka kando ya mlango. Jina la Kisilu lilifika ulimini, akalimeza. Hakuwa na jina jingine la kusema.

"Kula," akasema tu.

Usiku hakusikia kitu. Alfajiri alifungua mlango, akasimama palepale. Tonge halikuwepo. Mbele ya mlango, uani, hadi kwenye ua wa miiba na nje yake, kulikuwa na nyayo za tope jeusi. Nyingine zilikuwa za miguu mikubwa, nyingine za miguu kama ya watoto. Nyingine zilikuwa za mguu mmoja, na kando yake alama ya fimbo.

Zote zilikuwa zimeelekea mlangoni. Hapakuwa na zilizorudi.

Mutindi aliurudisha mlango taratibu, akaenda kukiangalia kitambaa cha unga. Ulikuwa umebaki wa siku mbili, kwa mtu mmoja.