Ndayisaba na Swali la Ukoo

Gari la Ndayisaba lilikwama kwenye theluji, ndiyo maana tajiri mwenye kiwanda cha vitambaa mjini Borås na shamba la farasi wa mbio nje ya Stockholm alijikuta T-Centralen, stesheni kuu ya treni za chini ya ardhi, anasukumwa kama gunia. Koti lake la sufu lilikuwa la bei ya kutisha, lakini kwenye ngazi za umeme nani anajali?

Mbele yake alisimama mwanamke mwenye gauni la kitenge, ndege wa njano juu ya kijani, koti ameliacha wazi makusudi. Ndayisaba akasahau adabu, akashika upindo kwa vidole viwili.

"Hiki kitambaa changu!"

Mwanamke akageuka. "Chako? Nimekilipia, mzee. Unataka risiti?"

"Kimetoka kiwandani kwangu."

"Aa, ni wewe! Basi kinachuja rangi. Soksi za binti yangu Darlène ni za kijani mpaka leo."

Wakacheka mpaka ngazi ikawatema juu wakajikwaa. Aliitwa Libérate, nesi, mjane, Mrundi kama yeye, mkazi wa mtaa wa Vårby gård. Treni ilipofika, Ndayisaba alishapata namba.

Tangu hapo simu haikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Farasi wako je?"

"Wanakula kuliko mimi."

"Hilo tumbo linakataa, baba."

Siku ya kuonyeshwa shamba, Libérate alivaa buti nyekundu, farasi wakamnusa kofia. Ofisini, ukuta mzima ulijaa chati za koo za farasi: mama, baba, babu, mpaka kizazi cha saba. Chai ikamiminwa. Hapo Ndayisaba, kwa mazoea ya mfugaji, akafungua mdomo.

"Na wewe je? Babu yako nani? Ninyi ni watu wa ukoo gani?"

Kikombe kikarudi mezani. Warundi wa Stockholm huulizana kanisa, kazi, bei ya mchele. Hilo hawaulizani.

"Nilikimbia nchi nina miaka tisa," Libérate alisema taratibu, "kwa sababu watu wenye mapanga walituuliza hivyo hivyo. Nipeleke stesheni."

Ndayisaba alipiga, Libérate hakupokea. Aliandika, hakujibu. Theluji ikayeyuka, yeye bado anapiga. Siku moja akapokea Darlène.

"Mamma! Hästfarbrorn!" Yaani yule mjomba wa farasi.

"Sema haraka," Libérate akasema, "sufuria iko motoni."

"Nilikuuliza kitu ambacho mwenyewe siwezi kujibu. Baba yangu simjui, Libérate. Hata jina. Mama alifia kambini hajaniambia. Ndiyo maana nabandika koo za farasi ukutani. Sijawahi kumwambia mtu."

Upande wa pili sufuria ikasikika ikiburuzwa kutoka motoni.

"Wali umeungua," Libérate akasema.

"Jumapili Kanyange anakimbia, kule uwanja wa mbio wa Bro. Njoo, tafadhali."

"Nina ibada." Akakata.

Kanyange alikuwa farasi jike wa kijivu. Mama yake hakuwahi kushinda hata mbio moja, na wafugaji wenzake walimcheka Ndayisaba alipomnunua. Jumapili mvua ilinyesha. Farasi walipotoka, Kanyange akabaki nyuma kabisa, na kiti alichomwekea Libérate pembeni yake bado kitupu. Ndayisaba akainamisha kichwa.

"Vuta, mama! Vuta!"

Libérate! Katoka kanisani moja kwa moja, gauni la ndege limelowa chapachapa, anapunga mwavuli badala ya kujifunika. Kanyange akapita mmoja, akapita watatu, matope yakaruka, akamaliza mbele kwa shingo nzima. Uwanja ukalipuka.

"Huyu naye ulimuuliza babu yake?" Libérate akamnong'oneza.

"Huyu nilimtazama macho tu."

"Na mimi?"

Tajiri akapiga goti matopeni, na suti yake ya harusi za watu. "Ukoo wangu unaishia kwa mama. Utanikubali hivyo hivyo?"

"Basi unaanzia hapa. Inuka, utapata kichomi!"

Akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu, na mpiga picha akabonyeza. Picha hiyo sasa iko ofisini, juu kabisa ya farasi wote: Kanyange na shada lake, Libérate anacheka, na bwana mwenye kiwanda, shati jeupe limegeuka kijani kifuani.