Damu Aliyoificha Fundi wa Makochi

Fundi wa makochi alikuwa mcheshi. Alibana misumari midogo kwenye midomo, na bado aliongea. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba: meza ndefu, cherehani, na vipande vya sponji kila kona. Mkewe ndiye aliyekata vitambaa. Walikuwa na watoto mapacha, kwa hiyo kila mtu aliwaita Baba Pacha na Mama Pacha.

Mwaka mmoja utani ulianza kupungua. Baba Pacha aliacha kazi katikati na kukimbilia chooni. Alirudi kimya. Mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya, kisha jingine.

"Mume wangu, unakonda," alisema Mama Pacha.

"Kazi tu. Na bawasiri kidogo. Sisi mafundi tunakaa sana."

Hakusema kwamba anaona damu kila anapokwenda haja kubwa. Hakusema kwamba huu ni mwezi wa nne. Mtu mzima ataanzaje kusimulia habari za choo?

Siku moja alipita mchuuzi mwenye chupa ndogo za bluu. "Dawa ya nano! Sayansi mpya! Inaua vidudu vya tumbo, inayeyusha uvimbe, hospitali huhitaji!" Baba Pacha akanunua. Akawa anakunywa matone asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza damu ilikoma. Akapiga hata mluzi. Wiki ya tatu ikarudi.

Mama Pacha aligundua siku ya kufua. Aliona doa kwenye nguo ya mumewe. Hakupiga kelele. Alikaa kando ya beseni hadi povu likaisha. Kisha alimpigia simu mpwa wa mumewe, binti wa dada yake, aliyefanya kazi katika maabara ya utafiti.

Jumapili binti akaja. Alimkuta mjomba wake akivuta kitambaa juu ya kiti.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Mkaza mjomba wako amekuita unisute?"

"Nimekuja kukuuliza. Unaona damu?"

Baba Pacha alitema misumari kiganjani. Alitazama sakafu. "Wewe ni mtoto wa dada yangu. Mambo haya siwezi kuyasema mbele yako."

"Mjomba, aibu haitibu. Sema tu."

Akasema. Alipomaliza, alichukua chupa ya bluu kwenye rafu. "Lakini nina dawa. Nano. Si ndiyo kazi yenu hiyo?"

Binti aliigeuza chupa huku na huku. Haikuwa na jina la kiwanda wala tarehe.

"Nano maana yake ni kitu kidogo mno," alisema. "Chukua upana wa unywele mmoja, uugawe mara elfu. Chembe tunazotengeneza maabara ni ndogo kama hicho kipande kimoja. Kuna bakteria fulani, kwao ni mdomoni, kwenye meno. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, wanakutwa ndani ya uvimbe."

"Mdudu wa meno amefuata nini huko chini?"

Mama Pacha alicheka, akaziba mdomo.

"Hata sisi tunajiuliza," alisema binti. "Akifika, anausaidia uvimbe ukue. Anaukinga hata na dawa. Kwa hiyo tunatengeneza chembe za kumshika. Nyingine ziwake mwanga, tuone alipo. Nyingine zibebe dawa mpaka pale pale, zisiguse sehemu zisizo na ugonjwa."

"Basi dawa ipo!"

"Bado, mjomba. Tunajaribu kwenye panya na kwenye vipande vya uvimbe. Maabara yetu haijampa mgonjwa hata mmoja. Sasa huyu wa barabarani kazitoa wapi?"

Baba Pacha aliichukua chupa, akaitafutia jina la kiwanda.

"Na damu ya uvimbe wa utumbo huja na kuondoka. Ilikoma yenyewe, ukadhani ni matone. Inawezekana ni bawasiri kweli. Lakini hilo huwezi kulijua kwa kukisia. Twende hospitali wakakupime."

"Wakikuta kitu kibaya?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Afadhali tukijue kikiwa kidogo, Baba Pacha. Mimi peke yangu siwezi kuwalea mapacha hawa."

Jumatatu walikwenda. Daktari alimsikiliza, hakumcheka. Siku nne baadaye Baba Pacha alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, akashinda chooni. Kesho yake alichomwa sindano ya usingizi, na kamera nyembamba ikapitishwa kwenye utumbo wake. Waliukuta uvimbe. Majibu ya vipimo yalipotoka, ulikuwa saratani, lakini ulikuwa haujasambaa.

Kabla ya upasuaji, muuguzi alimwomba ruhusa. "Tunaweza kutumia kipande kidogo cha uvimbe kwa utafiti? Ukikataa, utatibiwa vilevile."

Baba Pacha alitia sahihi. Akamwambia mpwa wake, "Kikiwaka mwanga, uniambie."

"Sitajua ni chako, mjomba. Vinakuja na namba, havina majina."

"Basi viwake vyote."

Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya miezi mitatu alirudi karakanani. Daktari alimpa tarehe za kurudi kupimwa, na neno moja zaidi: ndugu zake nao wapimwe, hata kama hawaumwi, maana ugonjwa huu unaweza kufuata ukoo.

Dada yake, mama wa yule binti, alikataa katakata. "Mimi mzima! Kamera ipite huko? Nitauweka wapi uso wangu?"

Baba Pacha aliacha cherehani, akaketi karibu naye. Alimwambia yote: damu, doa, chupa ya bluu, usiku wa hofu. Hakuruka neno.

"Dada, niliona haya miezi mitano. Ingefika sita, labda ungekuwa unakuja kunizika."

Dada aliokota kipande cha sponji, akakiminya. "Utanisindikiza?"

Alimsindikiza. Alisubiri kwenye benchi la hospitali, mikono mitupu, hana la kushona. Mlango ulipofunguliwa, dada alitoka akiyumba kwa usingizi, ameshikwa mkono na binti yake.

"Wamekuta viuvimbe viwili," alisema binti. "Havijawa saratani. Wamevitoa hapo hapo. Mama anaruhusiwa kwenda nyumbani."

"Kumbe kipimo chenyewe nimekipitisha usingizini tu," alisema dada. "Na nina njaa."

Baba Pacha alitaka kumtania. Machozi yakamtangulia.