Mbuzi wa Marlène Hawajapokelewa

Kitendawili! Wewe unayesoma umejiegemeza hapo, itika kwanza. Nina binti anakula majani kuliko mbuzi, na meno yake ni meupe pee.

Umeshindwa? Usinipe mji bado. Kaa kwenye benchi la Nizigama usikilize mwenyewe.

— Anabakula! Minakwambia, anabakula bote! Ku majani hakuna wa kumuweza ule binti!

Huyo ni Nizigama, kinyozi Mrundi wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, mkasi juu, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu.

— Maliza kichwa yangu kwanza, akasema mteja, Norbert wa Uvira, mtu wa kubishia hata mvua. Mwaka jana ku simenti si alipigwa? Namna gani sasa ku majani anashinda kila mutu?

— Juu ku majani mupira hauruke! Unateleza chini chini kama nyoka. Bale binti ba Lilongwe banaungojea ku kiuno, wenyewe unapita ku kifundo ya muguu.

— Na Marlène?

— Marlène anainama.

— Bahati tu.

Mama Godelive, muuza mandazi wa jirani, akaweka kijiko chini.

— Bahati ya nini, we Norbert? Ulize sisi banamuke ba jembe. Mutu amepalilia mihogo tangu utoto, mugongo yake itaogopa kuinama? Na tena alijifunzia hapa, ku udongo yetu ya mawe. Mupira wa Dzaleka unaruka fasi unapenda. Ukiuweza huu, wa majani ni kama kushika kuku imefungwa miguu!

Benchi zima likacheka. Kisha nje mbuzi wakalia, meee, na kicheko kikakatika.

Walikuwa wawili, mweupe na wa madoa, wamefungwa kwenye nguzo ya kinyozi, na kando yao furushi la pagne, yaani kitenge, juu ya rafu. Hawakuwa mbuzi wa Nizigama. Kusema kweli, hawakuwa wa mtu yeyote.

Nikueleze. Jumapili iliyopita, Cyrille fundi cherehani alipeleka dot, yaani mahari, kwa Marlène. Wote wawili ni wa Bukavu, wote walikimbia vita ya pili ya nchi yao. Walipendana kwa sababu ya wavu: Marlène alitaka wavu wa tenisi, Cyrille akaushona kwa magunia ya unga wa msaada, wakachora uwanja kwa majivu. Alimaliza wavu, lakini kila jioni akawa anarudi kuukagua. Wavu gani huo unakaguliwa kila siku?

Siku ya dot watu walijaa kwa Zihindula, baba mdogo wa Marlène. Kwetu mwanaume hafungui kinywa katika dot yake. Msemaji wa ukoo ndiye mdomo wake. Akisema mwenyewe, ameudharau ukumbi. Cyrille akakaa, macho kwenye mkeka. Msemaji akasifu mbuzi, akasifu pagne yenye picha za majogoo, halafu akakohoa.

— Lakini mama Gertrude, mama ya kijana wetu, ana neno. Bibi arusi yetu hatacheza tena muguu wazi mbele ya banaume. Kuanzia leo raketi itundikwe.

Minong'ono ikapita. Zihindula akamgeukia binti, kama desturi inavyotaka, kwa maana kwetu hakuna anayekula mbuzi kabla binti hajasema.

— Marlène, mutoto ya kaka yangu. Hizi mbuzi, tupokee ao turudishe?

Marlène hakumtazama baba yake mdogo. Alimtazama Cyrille.

— Na we, Cyrille? Unasema nini?

Cyrille akainua kichwa. Akaona msemaji amemkazia macho, akaona mama yake amekunja midomo. Akaurudia mkeka.

— Basi leo sijibu, akasema Marlène.

Akainuka, akachukua raketi yake, akaenda Lilongwe kwenye mashindano. Mbuzi wakakosa pa kwenda. Kwa Zihindula hawawezi kuingia, hawajapokelewa. Kwa Gertrude hawawezi kurudi, hawajakataliwa. Wakafungwa kwa kinyozi, katikati ya nyumba mbili, wanakula nyasi za paa lake.

Sasa rudi kwenye benchi, maana Nizigama amesikia simu yake ikilia mfukoni. Simu ilikuwa hiyo moja tu mtaani, ikishika mtandao vizuri ukipanda kichuguu cha nyuma. Akapanda, na washabiki wote nyuma yake.

— Ni Marlène! Ameandika! Munyamaze nisome: "Niko Mchesi, hapa Lilongwe, kwa dada wa kanisa. Nimeshinda nusu fainali. Jumamosi ni fainali..."

— Ayiii! Godelive akapiga vigelegele.

— Bado! "Mwambie Cyrille sikumuchukia. Lakini alinyamaza."

Wote wakageuka. Cyrille alikuwa amesimama chini ya kichuguu, futi ya kupimia imening'inia shingoni, amesikia kila neno.

— Karibu, bwana bubu, akasema Norbert.

— Ilikuwa desturi, Cyrille akajibu.

— Desturi! Godelive akashika kiuno. Desturi ilivuka ziwa pamoja na siye, ndiyo, naiheshimia. Lakini binti alikuuliza na kinywa chake, mbele ya bantu. Ungekohoa hata kidogo!

— Nipe simu, kaka Nizigama. Tafazali.

Akapanda kichuguu. Usifikiri walimwachia nafasi. Walisogea karibu zaidi.

— Allo?

— Nani?

— Ni mi. Marlène, mi sikusema ndiyo ku lile sharti.

— Hukusema hapana pia.

— Kwetu mwanaume hasemi...

— Cyrille, sikiliza. Ile siku tunakimbia, papa alikuwa amekufa ku mulango ya uwanja wa tenisi alikuwa anaulinda. Nilibeba nini?

— Raketi yake.

— Niliibeba namna gani?

— Mugongoni, na pagne. Kama mutoto.

— Ku barrière ya Kamanyola, pa kukagua bantu, mwanajeshi aliniuliza, huyu mutoto anaitwa nani? Na bunduki iko hapa, ku kifua. Nilijibu anaitwa Cadeau, amelala, usimuamshe. Nilijibu, Cyrille! Na we uliogopa kikohozi ya musemaji.

Cyrille akafuta uso.

— Sasa nijibu...

— Usinijibu ku telefone, Nizigama na Godelive bako banasikiliza.

— Hatusikilize! akapiga kelele Godelive.

— Unajua fasi nitakuwa Jumamosi, akasema Marlène, na simu ikakata.

Cyrille akashuka. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kinyozi.

— Nipe ile furushi.

— Pagne ya dot? Nizigama akaikumbatia. Haijapokelewa bado!

— Njo maana iko bado yangu.

Huwezi kubishana na neno kama hilo. Baada ya muda mfupi cherehani ililia barazani kwake, na Gertrude, mwenye sikio la kujua cherehani ya mwanawe inashona nini, akafika amefunga kilemba nusu.

— Cyrille! Unakata nini hapo?

— Jupe, sketi ya Marlène. Ya fainali.

— Na pagne yangu ya majogoo? Pagne ya dot inakatwa? Umelogwa?

— Mama, ulisema muguu wazi njo inakuumiza. Naufunika basi, mpaka ku magoti, na pagne ulichagua mwenyewe.

— Sikusema umufunike! Nilisema aache!

— Nilisikia, mama. Na mi nasema haachi.

Gertrude akakaa kitako juu ya kigoda bila kupenda.

— Jioni akiwa ku mupira, utakula nini? Raketi?

— Nitasonga ugali mwenyewe. Tangu tufike Malawi nimejua na nsima.

— Bantu batasema mutoto ya Gertrude anatawaliwa na bibi.

— Baseme. Tulikimbia marisasi, mama. Tutaogopa midomo?

Gertrude hakuondoka. Alibaki pale akitazama majogoo yake yakipita chini ya sindano, moja baada ya lingine, na mara moja tu akasema kwa hasira:

— Pindo hiyo imepinda.

Cyrille akaifumua, akaishona upya.

Jumamosi washabiki waliomba ruhusa ya kutoka kambini, wakapanda kabaza, baiskeli za kukodi, hadi barabara kubwa, wakapita Lumbadzi wakiimba. Gertrude hakuja. Klabu yenyewe ilikuwa na uwanja wa majani mafupi, yamekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa Nizigama siku ya Pasaka. Cyrille akamwita Marlène kwenye uzio, akampitishia kifurushi juu.

— Nini hii?

— Ni jibu. Kipande ya kwanza.

Marlène akafungua, akaona majogoo mekundu, akaelewa kilichokatwa. Akaziba mdomo.

— Cyrille! Mama yako...

— Aliona. Alinirudishisha pindo.

— Na kipande ya pili?

— Nitaisema mbele yabo bote.

Marlène akatoka kuvaa. Mpinzani wake, bingwa wa mwaka jana, alikuwa mweupe toka viatu hadi kofia. Marlène akaingia na majogoo. Mwamuzi akamwangalia, akaangalia karatasi ya sheria, akaona haikukataza jogoo. Mchezo ukaanza.

Na ukaanza vibaya. Bingwa alijua kazi yake. Mipira yake ilikuja kwa nguvu, na seti ya kwanza ikaenda kwake.

— Nilisema mi! Norbert akalalamika, huku ameng'ata kofia yake mwenyewe.

— Funga kinywa. Anacheza amesimama, akasema Nizigama. Mbona hainame?

— Anaogopa kuharibu jupe! Godelive akasimama juu ya kiti, akaweka mikono mdomoni. Marlène! Palilia, mama! Paliliaaa!

Msimamizi mmoja akaja mbio.

— Amayi, mama, hapa watazamaji wanakaa kimya.

— Kimya? Siye hata ku kilio hatukaake kimya, baba. Zikomo, asante. Palilia!

Marlène akasikia. Ukaona mgongo wake unashuka, magoti yanashuka, majogoo yanagusa majani. Mpira uliokuja ukiteleza akauokota chini kabisa, pap, akauweka kwenye mstari. Na mwingine. Na mwingine. Nyuma yetu mama mmoja wa Malawi, muuza ndizi wa nje aliyekuja kuchungulia, akauliza wanasema nini hawa. Alipoelezwa akapiga makofi. Mbona hata kwao kupalilia shamba ni karibu neno hilo hilo!

— Palira! akaitikia. Palira, iwe!

Basi uzio mzima ukawa "palilia" huku na "palira" kule, na msimamizi akakunja mikono akaacha. Seti ya pili ya Marlène. Ya tatu wakavutana mpaka bingwa akachelewa kuinama mara moja, mara moja tu, na mpira ukapita chini ya raketi yake kama panya anayejua tundu lake.

Norbert ndiye aliyelia kwa furaha kuliko wote.

Sasa umekipata kitendawili? Mji wangu nitauchukua baadaye. Bado mbuzi.

Kesho yake baada ya ibada, watu walijaa tena, safari hii mbele ya kinyozi, kwa kuwa mbuzi walikuwa hapo na Zihindula amechoka kuulizwa habari zao njiani. Gertrude alikaa mbele, kilemba kamili. Marlène alikaa upande wa pili na jupe yake ya majogoo, ina doa la kijani gotini. Msemaji akasimama.

— Tunarudi ku neno letu. Mbuzi ni hizi. Pagne... tuseme pagne imetangulia. Na lile sharti ya mama...

— Papa musemaji, keti kidogo.

Ilikuwa sauti ya Cyrille. Amesimama! Wazee wakaguna. Mtu akasema, "Aibu." Msemaji akabaki mdomo wazi, maana mdomo alioazimwa ulikuwa umechukuliwa na mwenyewe.

— Cyrille, Gertrude akasema polepole. Mwanaume akisema ku dot yake anajishusha.

— Acha nishuke, mama. Marlène anashukaka kila siku na anashinda. Juma iliyopita aliniuliza mbele yenu, unasema nini? Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukageuka ndiyo ya mutu mwingine. Leo nasema. Mi njo naoa. Sharti haiko. Raketi haitundikwe. Akiwa ku uwanja nitakuwa ku uzio, na asiyetaka kuona aangalie mbuzi.

— Iyoo! Godelive akashindwa kujizuia.

— Adabu! mzee mmoja akafoka.

Zihindula akainua mkono, wakanyamaza. Akamtazama Gertrude.

— Mama ya kijana, umesikia mutoto yako. Unachukua mbuzi zako?

Gertrude akatazama mbuzi, akatazama jupe. Mbuzi mweupe akalia kama anayemhimiza.

— Mi bado sipendi, akasema mwishowe. Musinilazimishe kupenda. Lakini mbuzi zangu haziwezi kuzeekea kwa kinyozi. Uliza binti.

Zihindula akageuka.

— Marlène, mutoto ya kaka yangu, nakuuliza mara ya pili. Tupokee ao turudishe?

Marlène akasimama. Akachukua pagne yake ya kawaida, akaweka raketi ya baba yake mgongoni, akaifunga kifuani mafundo mawili, kama ile siku ya Kamanyola. Akapita mbele ya msemaji, mbele ya wazee, akasimama karibu na Cyrille.

— Mupokee, baba mudogo. Lakini anayenioa ajue: nilikuja na mutoto mugongoni, na huyu mutoto ataingia ku mulango mbele yangu.