Saumu Isiyolainika

Jua lilikuwa likizama mpishi wa kantini alipofika nyumbani na vichwa vitatu vya kitunguu saumu mfukoni. Mama yake alikuwa hoi kwa kifua, na supu ya saumu pekee ndiyo iliyompa nafuu. Lakini tangu juzi, mama mdogo alipokuja kumuuguza dada yake, hata nafuu hiyo ilikoma. Mgonjwa hakusema tena.

"Umechelewa, mwanangu," mama mdogo alisema jikoni, kwa sauti ya chini. "Nimemenya saumu yote mwenyewe. Iko motoni tangu adhuhuri."

"Wewe na jiko, mama mdogo? Tangu lini?"

Akacheka bila kufungua midomo.

Mpishi akakoroga sufuria.

Kli.

Akakoroga tena. Kli... kli... Saumu iliyochemka tangu adhuhuri hupondeka kwa kijiko, haigongi. Na mvuke ule haukunuka saumu. Ulinuka damu.

Akachota punje moja, akaigeuza kiganjani.

Ilikuwa na mizizi miwili.

Jino.

Alikimbilia chumbani. Mto ulikuwa umelowa damu. Akafunua kinywa cha mama yake: ufizi uliochanika, mashimo matupu.

"Si mdogo wangu," mgonjwa alinong'ona. "Si yeye..."

Mlango ukafungwa nyuma ya mpishi. Vidole vikamkaba shingo, vikapanda hadi puani. Mtu aliyemenya saumu hunuka mpaka kesho yake. Vidole vile havikunuka chochote.

"Yamebaki manne," kikanong'ona kitu kile. "Tulia nimalize."

Mpishi akatoa kichwa cha saumu, akakipondea kwenye tendegu la kitanda, akageuka, akakisukuma ndani ya mdomo ule mpaka kifundo cha mkono wa kulia. Ukamng'ata. Mfupa ukavunjika, kha! Hakuutoa mkono. Akazidi kusukuma, huku koo lile likichachatika kama maji kwenye mafuta ya moto...

Gauni likaanguka sakafuni, tupu.

Mama mdogo wa kweli aliwasili kesho yake, akiomba radhi kwa kuchelewa.

Mama alipona. Hunywa supu ya saumu iliyosagwa, kwa kuwa meno manne yaliyobaki hayatoshi kutafunia. Mpishi naye amerudi kantini, humenya saumu beseni zima kila siku. Mkono wake wa kushoto hunuka mpaka asubuhi.

Wa kulia haunuki chochote.

Jana jioni alipoinua kijiko, mama yake aligeuza uso ukutani.

"Mwanangu," alisema taratibu, "usinilishe kwa mkono huo."