Mbwa Hajalala

Jumapili, saa mbili na dakika kumi asubuhi, boti ya tanga yenye urefu wa mita saba na injini ndogo iliondoka gatini ikiwa na watu wawili na mbwa mmoja. Idadi hiyo imo kwenye daftari la bandari. Aliyeiandika ni dada wa redio, ambaye huandika wote wanaotoka na wote wanaorudi.

Mume alikuwa fundi wa lifti, mke mfamasia. Nyumbani mke alimwita mumewe Fundi. Mume naye alimwita mkewe Dokta, kwa utani, maana majirani walimgongea mlango hata paka wao akikohoa.

Mbwa aliitwa Mkaguzi, na jina alilipata kwa kazi yake. Miaka sita nyuma, mtu mmoja kazini kwa Fundi aliwasha lifti kabla ya kuhesabu wenzake. Mwenzao mmoja alikuwa bado chini, ndani ya shimo la lifti. Tangu siku ile Fundi hakuondoka mahali popote bila kuhesabu watu, na akamfundisha mbwa kufanya vivyo hivyo. Kabla ya kila safari Mkaguzi alizunguka boti na kumgusa kila mtu gotini kwa pua. Wakitimia, alilala. Asipolala, hakuna kuondoka. Akishalala ndipo Fundi aliposhika redio na kusema maneno yale yale ya kila Jumapili: "Mbwa amelala. Watu wawili. Tunaondoka."

"Siku akiumwa tumbo akakataa kulala, tutaozea hapa," Dokta alimwambia asubuhi ile.

"Bora tuoze tukiwa tumetimia."

Bahari ilikuwa shwari. Walifuata ufuko mpaka kwenye ghuba ndogo, wakatia nanga, wakala mayai ya kuchemsha na kubishana kuhusu nani aliyesahau chumvi. Saa sita mchana walitaka kurudi. Usukani haukugeuka. Kamba ya mtego wa samaki wa zamani ilikuwa imeuzunguka huko chini.

Fundi alivua shati, akachukua kisu, akajifunga kamba kiunoni. Dokta alishika upande wa pili.

"Nikivuta mara mbili, ujue niko salama."

"Na ukivuta mara tatu?"

"Nataka chai."

Alizama, akaibuka. Akazama tena, akaibuka. Mara ya tatu kamba ilivutwa mara mbili, kisha ikalegea. Dokta alihesabu kimoyomoyo, kama anavyohesabu vidonge. Alipofika tisini alianza kuvuta. Kamba ilikuja bila uzito wowote. Mwisho wake ulikuwa bado ni duara, upana wa kiuno cha mtu. Fundo lilikuwa limekaza.

Upande mwingine wa boti, mkono ulishika ukingo. Fundi alipanda, akaketi.

Hakuwa akihema.

"Umeniua kwa hofu," Dokta alisema. "Umejitoaje kwenye kamba?"

"Washa injini, mke wangu. Twende."

Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuwahi kumwita mke wangu.

Mkaguzi alianza mzunguko wake. Alimgusa Dokta gotini. Alimwendea aliyeketi, akasimama hatua moja kabla ya kumfikia, akanusa. Hakumgusa. Alirudi nyuma ya boti, pale Fundi aliporukia, akatazama maji.

Hakulala.

"Mbwa hajalala," Dokta alisema kwa sauti ya chini.

"Ni mbwa tu."

Dokta alikaa na ufunguo wa injini mkononi kwa karibu saa nzima. Jua lilikuwa la utosi. Mbwa alitazama maji. Mwanamume alimtazama Dokta. Maji yalimtiririka kutoka kwenye nywele hadi mabegani, na hayakuisha. Dokta alijiambia kwamba mtu aliyenusurika kuzama hubadilika. Alijiambia kwamba mbwa huchanganyikiwa na harufu ya bahari. Mwanamume alisimama na kuvuta nanga mwenyewe, kwa mkono mmoja. Nanga ile Fundi aliivuta kwa miwili, tena akilalamikia mgongo.

Dokta aliwasha injini.

Mkaguzi aliruka majini. Dokta alimwita mpaka sauti ikakauka. Mbwa hakuogelea kuelekea ufukoni wala kuelekea kwenye boti. Alizunguka pale pale, duara dogo, kichwa chini.

Jioni dada wa redio aliandika: watu wawili, mbwa hayupo.

Usiku ule mwanamume hakulala. Aliketi kwenye kiti cha sebuleni. Asubuhi Dokta alikuta zulia limelowa chini ya kiti. Alilikausha. Jioni lilikuwa limelowa tena. Hakuuliza habari za mbwa hata mara moja.

Jumanne mwanamume alikwenda kazini. Saa tisa alasiri simu ya Dokta iliita. Alikuwa mwenzake Fundi wa kazini, mtu mnene aliyezoea kuanza kila simu kwa mzaha.

"Shemeji, Fundi yuko sawa?"

"Kwa nini?"

"Amewasha lifti bila kuhesabu. Fundi mwenyewe! Tulikuwa wawili shimoni. Tumepona kwa unene wa kidole. Tulipomfokea, alituuliza, kwani mlikuwa wangapi?"

Dokta alikata simu, akaenda stoo kuitoa ile kamba. Duara lilikuwa vile vile. Sasa alijua alichokifanya. Jumapili aliwasha injini, na mtu alikuwa bado chini.

Jumatano, saa nne asubuhi, alikwenda bandarini kuandikisha taarifa. Mwanamume alisema anakuja naye, akaingia kwenye gari bila kungoja jibu. Walipofika alibaki kwenye kiti cha abiria. Dokta alipanda ngazi hadi chumba cha redio, akaweka kamba mezani, akaanza kuandika. Sehemu kubwa ya habari hii imetoka kwenye kurasa zake tatu. Ukurasa wa tatu unaishia katikati.

Yaliyofuata yamesimuliwa na dada wa redio.

Saa nne na dakika arobaini redio iliita, kwa jina la boti yao. Dada alichungulia dirishani. Boti ilikuwa gatini, kibanda chenye redio kimefungwa kwa kufuli. Betri ya redio ilikuwa nyumbani kwa Dokta tangu Jumapili.

"Mbwa hajalala," sauti ilisema. "Mwambie Dokta tunamngoja yeye tu."

"Ni Fundi," Dokta alinong'ona.

Dada alitazama tena nje. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Kiti cha abiria kilikuwa kinadondosha maji. Hapakuwa na mtu.

Kisha kucha zilisikika kwenye ngazi.

Mkaguzi aliingia. Alikuwa mkavu, hana hata chembe ya mchanga. Alimpita dada wa redio kana kwamba hayupo. Alimgusa Dokta gotini kwa pua. Dokta alianza kulia, lakini hakusogea. Mbwa alikwenda mpaka karibu na mlango, mahali pasipo na kitu, akanyoosha shingo, akagusa hewa kwa urefu wa goti la mtu.

Mkia ulitikisika.

Akalala.

"Mbwa amelala," redio ilisema. "Watu wawili. Tunaondoka."

Dada aliinama kuandika, kama anavyofanya kila Jumapili. Anasema hakusikia hatua za mtu wala kucha za mbwa. Alipoinua kichwa alikuwa peke yake chumbani. Kamba ilikuwa bado mezani, imenyooka. Fundo lilikuwa limefunguliwa.

Saa tano na dakika tano, mlinzi wa bandari alikagua boti. Ilikuwa gatini, imefungwa kwa kamba nne, kufuli mlangoni. Ndani hapakuwa na mtu. Daftari linasema imeondoka.