Vidonge vya Ijumaa

Kila asubuhi mama aliegemeza godoro dirishani, nami nikawasha makaa ndani ya nyumba, kwa sababu uani risasi zilikuwa zikipita. Ulikuwa mwaka 1964, vita vimefika mjini kwetu, katika mtaa wa Tshopo, na tulikuwa tumejifungia siku ya sita. Moshi, joto, haja kwenye ndoo! Nilitamani kupiga kelele, na hata kelele zilikatazwa.

Tulifungiwa pamoja na Lambert, muuguzi aliyepanga chumba kwetu, ambaye nilimwita tonton, yaani mjomba. Kabla ya vita alikuwa akifanya utafiti. Kila Ijumaa aliwapa watoto arobaini wa shule kidonge cha kuzuia malaria, kile kile kinachoitibu, kisha akaandika daftarini nani amemeza na nani amepata homa. Alitaka kujua kama dawa ile bado inafaa kwetu. Nami nilikuwemo. Lakini uchungu wake, we acha! Nilikificha kidonge chini ya ulimi, nikasema nimemeza, kisha nikakitema chooni. Tena niliwafundisha wenzangu watano. Majuma manane! Sote sita tulipopata homa, tonton alikuna kichwa, akaandika.

Siku ile ya sita mdogo wangu Feruzi, mwenye miaka miwili, aliamka mwili unawaka. Tonton alimgusa, akafungua daftari.

"Vidonge viko tele, lakini siviamini tena," alisema. "Zaina huyu na wenzake watano walimeza vyote, na malaria iliwaangusha. Feruzi anataka sindano ya kwinini, nayo iko hospitali."

"Barabara iko na askari!" mama alilia. "Jana walipiga mutu pale kwenye kizuizi."

"Najua, Mama Zaina. Mutoto hawezi kungoja."

Akaanza kuvaa viatu. Nilibanwa kila upande: nikisema, aibu, nikinyamaza, tonton anakwenda kuuawa kwa uongo wangu. Nikasimama mlangoni.

"Tonton, usiende! Sikumeza hata kimoja. Nilitema vyote. Na wenzangu pia, mimi ndiye niliyewafundisha."

Mama aliinua mkono anipige. Tonton akamzuia, akaketi sakafuni na kiatu kimoja mguuni.

"Donc, kumbe dawa haijashindwa," alisema polepole.

Alipima dozi ya mtoto ya vidonge vile, akaisaga na kuichanganya na sukari. Feruzi akatapika, tukampa tena. Siku mbili tulimkanda kwa maji, hatuna pa kukimbilia. Siku ya tatu jasho lilimtoka, akaomba ndizi. Mama alicheka huku analia.

"Tonton, umenikasirikia?" niliuliza.

"Sana," alijibu. "Sikiliza, Zaina. Mgonjwa akinidanganya, anajiumiza mwenyewe. Wewe ulidanganya utafiti. Ningeandika kwamba dawa hii haifai, ikatupwa, na watoto wa mji mzima wangekosa tiba iliyopo mkononi. Uchungu wa kidonge ungekwisha kwa dakika moja. Uongo wako ulikaribia kutuua wawili: mimi barabarani, na Feruzi hapa akiningoja."

Nilimbeba Feruzi, nikamlisha ndizi yake.