Ndege wa Miguu Mitatu

Loxa alikuwa mfumaji hodari kuliko wote kijijini, huko milimani Chiapas, nchini Meksiko, na hakusubiri mtu amwambie. Kila asubuhi alichemsha mahindi kwa chokaa, akapika chapati, kisha akajifunga mkanda wa kufumia kiunoni. Pembeni, chupa ya soda.

Ukuta wa nyumba yake ulikuwa mwekundu. Watu wa soda waliupaka rangi bure, wakachora mwanamke aliyenawiri, mwenye blauzi ya kutarizi kama ya Loxa. Chini waliandika kwa Kitzotzil, lugha ya kijiji: "Kiu inaishia hapa, mama."

Loxa aliamini. Alikunywa, kiu ikazidi. Akaongeza chupa. Choo nacho hakikupumzika. Halafu macho yakaanza kuona ukungu, naye hakumwambia mtu. Mfumaji asiyeona uzi atakula nini?

Siku moja jirani yake Xunka, mhudumu wa afya, akaitazama kazi yake.

"Dada Loxa, mbona huyu ndege ana miguu mitatu?"

"Wa kisasa huyo."

"Na chooni unakwenda mara nyingi?"

"Ala! Umeajiriwa kulinda choo changu?"

Walicheka. Kisha Loxa akalia. "Xunka, uzi siuoni."

Xunka alimpeleka zahanati. Damu ikapimwa: sukari imepanda sana.

"Sukari ikizidi mwilini, kiu inakuja," Xunka alimweleza. "Soda imejaa sukari. Unazima moto kwa mafuta ya taa, dada."

"Lakini yule wa ukutani anakunywa, na angalia alivyonona!"

"Yule ni rangi! Hana damu, hana macho ya kuharibika. Wamemchora afanane nawe ili ununue."

Kumbe Loxa alikuwa amemwazima ukuta mtu anayemdanganya.

Alianza kumeza dawa na kunywa maji. Wageni walizoea soda, ndiyo heshima ya pale. Sasa akawapa maji yaliyochemshwa. Wengine walinuna, wakanywa hivyo hivyo. Mwisho akachukua chokaa yake ya mahindi, akaipaka ukutani. Yule mama akatoweka, chupa mkononi.

Taratibu ukungu ukaondoka. Daktari alisema amewahi, wengi huchelewa.

Loxa akafuma shali, akampelekea Xunka. "Asante, mdogo wangu. Macho haya umenirudishia wewe."

Xunka akaikunjua, akamtafuta ndege, akainama kuhesabu miguu.

"Miwili!"

"Ule wa tatu," Loxa akasema, "nimeuacha kwa watu wa soda."